AppSheet kwa sisi tusiojua kuandika programu: uzoefu wangu kwenye biashara ya mayai

Nasambaza mayai. Mzigo natoa kwa wafugaji wa Kibaha, vijana wa bodaboda wanashusha madukani na kwenye vibanda vya chipsi Dar, na wateja wengi wanachukua mali kauli. Nilitaka programu ya simu ya kunionyesha saa yoyote mzigo uko wapi na nani anadaiwa. Kompyuta naijua mpaka Excel, basi. Kampuni niliyoiomba bei ilitaja mamilioni, nusu yalipwe mbele, bila hata kuniuliza trei ikivunjika njiani hasara anaandikiwa nani. Nikaamua kujenga mwenyewe.

AppSheet ni ya Google tangu 2020. Unaipa faili lako la Google Sheets (majedwali kama ya Excel, ila ya mtandaoni), inakutolea programu yenye fomu, orodha na picha. Msimbo huandiki, ila fomula zipo, na aliyezoea SUMIF ya Excel (fomula ya kujumlisha kwa sharti) hatapotea. Majaribio ni bure mpaka watumiaji 10. Ukianza kazi kweli, mpango wa Starter ni dola 5 kwa mtumiaji kwa mwezi, Core ni dola 10, kwa hiyo uwe na kadi ya benki inayolipa nje.

Raha yake ni kwamba bila mtandao inafanya kazi. Kijana anajaza, anapiga picha daftari la duka lenye sahihi, taarifa zinabaki kwenye simu mpaka apate bando. Hata maneno ya vitufe unaweza kuyaweka kwa Kiswahili.

Lakini hapo hapo pana mtego. Tuseme umeweka seli moja ya trei zilizobaki stoo, inasoma 200. Vijana wawili wako nje ya mtandao. Mmoja anachukua 30, simu yake inaandika 170. Mwingine anachukua 50, yake inaandika 150. Mtandao ukirudi, namba iliyofika mwisho inaifuta ya mwenzake. Stoo zimebaki 120, wewe unasoma 150 au 170, na ugomvi umeshaanza. Dawa ni kutoandika salio popote. Kila kuchukua na kila kushusha kuwe mstari wake wenye UNIQUEID(), yaani fomula inayoupa kila mstari utambulisho wake wa pekee, na salio lipigwe na fomula. Madeni nayo ni hivyo hivyo: mali kauli mstari, malipo mstari.

Kingine cha kufanya kabla hujampa mtu yeyote ni kichujio cha usalama, yaani sharti linaloamua mistari gani ifike kwenye simu ya nani. Bila hicho, simu ya kila kijana inashusha jedwali zima, namba za wateja wote na madeni yao. Kuficha ukurasa hakusaidii, maana taarifa zimeshaingia kwenye simu. Kijana akihamia kwa mshindani anaondoka na biashara yako mfukoni.

Nilipokwama ni kwa wateja wenyewe kuagiza. Mangi wa duka hawezi kuanza kuhangaika na AppSheet ndipo aione programu yangu, na dola 5 kwa kila duka faida ya mayai haiibebi. Malipo ya M-Pesa kujilinganisha yenyewe na deni, hiyo nayo ni kazi ya fundi.

Nikatafuta divelopa wa kujitegemea kwa kipande hicho tu. Hapa ndipo nilipoona thamani halisi ya AppSheet, kwa sababu sikuwa na haja ya kumweleza ndoto. Nilimfungulia majedwali yanayofanya kazi, akauliza swali la maana papo hapo: "Dada, mteja akilipa nusu, hela inapunguza oda ya zamani au ya jana?" Ya zamani. Bei yake ikawa ya kueleweka kwa kuwa kazi yenyewe ilieleweka. Tulikubaliana kulipana kwa hatua, kila hatua baada ya maduka kuitumia kweli. Akaunti ya GitHub (mahali msimbo unapohifadhiwa mtandaoni) ni yangu, jina la tovuti na seva vimesajiliwa kwa barua pepe yangu. Hili alilikubali bila kinyongo, na angelikataa nisingeendelea naye.

Sasa maduka yanaagiza kwenye ukurasa alioujenga divelopa, oda zinaangukia kwenye Google Sheets zilezile, vijana wanaziona kwenye AppSheet. Mistari ikirundikana inakuwa nzito, kwa hiyo oda zilizofungwa nazihamishia faili jingine kila mwisho wa mwezi. Mwenye timu ndogo inayozunguka nje na daftari linalomchanganya namshauri aanze na AppSheet. Anayetaka kitu cha kuuza kwa umma chenye jina lake Play Store, ajengee mfano tu humu, kisha amwite fundi.