Gripa ya roboti: ipi ununue kwanza

Muuzaji wa gripa, yaani kishikio kinachofungwa mwishoni mwa mkono wa roboti, hutaja kilo kwanza. Muulize hizo kilo zimepimwa kwa mshiko gani. Gripa ya OnRobot RG2 ya Denmark imeandikiwa kilo 5 pale umbo la vidole linapokumbatia kitu, na kilo 2 pale kitu kinapobanwa ubavuni na kushikiliwa na msuguano tu. Hata hizo 2 zina masharti. Chukua chuma cha kilo 2 chenye mafuta, kipimo cha msuguano wake tuseme 0.2. Ili kisiteleze kikiwa kimening'inia tu, vidole vinatakiwa kubana kwa nyutoni (kipimo cha nguvu) 49. Zidisha mara mbili kwa ajili ya usalama, unafika 98. RG2 mwisho wake ni 40. Kwa hiyo soma nyutoni kabla ya kilo.

1. Ya umeme, vidole viwili. Kwa karakana inayoanza, anzia hapa. Ningechukua Robotiq 2F-85 kutoka Canada: inafunguka milimita 85, inabana kwa nyutoni 20 hadi 235, inatumia volti 24, na haidai kompresa (mashine ya kubana hewa). Ina uzito wa karibu kilo 0.9, na uzito huo unahesabiwa kwenye mzigo wa roboti: roboti ya UR5e, inayobeba kilo 5, inabakiwa na kama kilo 4. Kwa vitu vyepesi au vinavyopondeka, RG2 ni bora, maana inashuka hadi nyutoni 3 na kufunguka milimita 110. Angalia pia kinga dhidi ya vumbi na maji, inayoandikwa kwa herufi IP: 2F-85 ni IP40, yaani maji hayazuiliwi kabisa. Kwenye mashine ya CNC (ya kukata chuma kwa kompyuta) inayomwaga maji ya kupozea, nunua Robotiq Hand-E yenye IP67, ingawa inafunguka milimita 50 tu.

2. Ya kufyonza. Kwa maboksi, vioo na mabati haina mpinzani, kwa sababu inashika kutoka juu bila kutafuta ubavu. Lakini mwinuko wa mahali unaipunguza nguvu, maana huko juu kanieneo ya hewa ni ndogo. Kikombe cha milimita 40 kikitoa asilimia 60 ya hewa, Mombasa kinavuta kwa nyutoni 76 hivi. Kipandishe Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, zinabaki kama 62. Boksi la karatasi nalo linapitisha hewa, hivyo punguza tena.

3. Ya upepo, inayosukumwa na hewa iliyobanwa. Bei yake ni ndogo, ina kasi, na haisumbuliwi na kazi chafu. Gharama iko nyuma yake: kompresa, kikausha hewa, mipira ya hewa inayovuja. Kama kompresa unayo tayari na bidhaa yako ni moja mwaka mzima, ipandishe iwe ya pili kwenye orodha hii.

4. Vidole laini vya silikoni. Matunda na mikate. Kwingine usijisumbue.

Sasa usalama, na swali la kwanza ni umeme ukikatika. Silinda ya upepo inayosukumwa pande zote mbili hulegea hewa ikiisha, isipokuwa ina springi au vali ya kuzuia hewa isirudi. Ya kufyonza nayo hupoteza mshiko. Dai jibu kwa maandishi, kisha jaribu mwenyewe: shika kitu sentimita chache juu ya meza, zima umeme na hewa, utazame. Kitufe cha dharura nacho kisifungue vidole. Kiache vikishikilia mzigo, na mafundi wajue jinsi ya kuvifungua kwa mkono mtu akibanwa.

Roboti kuuzwa kama rafiki wa binadamu hakuifanyi gripa yake kuwa hivyo. Mwongozo wa kimataifa wa ISO/TS 15066 wa 2016 uliweka nyutoni 140 kuwa kikomo cha kubana kiganja au kidole cha mtu, na 2F-85 inavuka hapo kwa mbali. Punguza nguvu kwenye programu, punguza ufunguzi hadi kidole cha mtu kisipite, na piga tupa kingo za vidole ulivyochonga mwenyewe. Kila ukibadilisha vidole, ingiza upya uzito wa gripa na kitovu cha uzito huo kwenye roboti, na fanya tathmini ya hatari upya.

Kabla ya kulipa, pima uso wa kufungia gripa. Roboti nyingi ndogo hufuata kiwango cha ISO 9409-1-50-4-M6: bolti nne za M6 kwenye duara la milimita 50. Usipolingana, agiza bamba la kuunganishia pamoja na gripa, na uzito wake pia utoe kwenye zile kilo 4.