Sanduku la kufuli tatu: tathmini ya katibu wa kikundi cha hisa

Seti ya vifaa niliyoitumia nikiwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa ina sanduku la bati lenye sehemu tatu za kufuli, vijitabu vya wanachama, muhuri na kidau chake cha wino, mabakuli ya kuhesabia, kikokotozi, na vifuko viwili vya nguo, kimoja cha fedha za mikopo na kingine cha mfuko wa jamii, yaani fedha za kusaidiana mwanachama anapopatwa na dharura. Mfumo wenyewe ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Wanachama, kwa kawaida kati ya 15 na 25, huketi pamoja, kila mmoja hununua hisa, yaani kiasi cha akiba ambacho kikundi kimekubaliana, moja hadi tano, na fedha huhesabiwa mbele ya wote kabla ya kurudishwa sandukuni.

Kufuli ndizo zinazolipatia sanduku hili thamani yake. Mtunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Funguo hukaa kwa wanachama watatu wasio viongozi, hivyo halifunguki mpaka kikundi kikutane. Mwizi mwenye tindo hatazuiwa na bati hili, ambalo ni jembamba mno, lakini mwenyekiti anayetaka kuazima kidogo bila kuuliza atazuiwa, na miongoni mwa watu wanaoaminiana na kuoneana haya, mimi humhofia huyo wa pili zaidi. Usumbufu upo: mshika ufunguo akisafiri bila kuukabidhi, ama mkutano unaahirishwa, ama kufuli inakatwa.

Vijitabu vimebuniwa kwa akili. Kila hisa hugongewa muhuri mmoja na nafasi zilizobaki wazi hupigwa mstari papo hapo, kwa hiyo hata asiyejua kusoma huhesabu mihuri yake na kujua anachodai. Majalada, hata hivyo, ni laini kupita kiasi, na yetu yalianza kuchanika kabla ya mzunguko, yaani kipindi cha kuweka na kukopa, kwisha.

Panapotia wasiwasi ni majuma ya mwisho kabla ya mgao, yaani wanachama kugawana fedha mwishoni mwa mzunguko, mikopo inaporejeshwa na fedha kulundikana katika nyumba ya mtu mmoja ambayo kila mwanachama anaijua. Kikundi chenye akaunti ya benki au ya simu kizihamishie huko katika kipindi hicho. Kwa kikundi kinachoanza, seti hii inafaa kununuliwa, ila kufuli zake zibadilishwe kwa nyingine imara kabla ya hisa ya kwanza kuingia.