Ruta yenye VPN na laptopu ya kazi: miezi mitano baadaye

Niliinunua ruta hii kwa sababu moja tu: laptopu ya ofisi hainiruhusu kuweka programu yoyote. Mimi ni mhasibu, siku nne kwa wiki nafanyia kazi nyumbani, na laptopu niliyopewa imefungwa kila upande. Ukigusa kitu cha kusakinisha, inadai nywila ya msimamizi. Nikawaza, basi VPN (njia ya siri inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya kampuni nyingine, hata ya nchi nyingine) nitaiweka kwenye ruta, laptopu ipite humo humo na ofisini wasione ninachofungua wakati wa mapumziko. Hapo nilikosea, na naandika haya kwa sababu najua wapo wengi wanaonunua vifaa hivi wakiwa na tumaini lilelile.

Kifaa chenyewe hakina neno. Ni kidogo, kinaenea kiganjani, na kinaendeshwa na OpenWrt, mfumo endeshi wa ruta uliojengwa juu ya Linux. Unakiunganisha kwa waya na ruta ya mtoa huduma wa intaneti, unapakia faili la mipangilio ulilopewa na kampuni ya VPN, unawasha. Nusu saa ilinitosha. Kuna aina mbili za VPN za kuchagua: OpenVPN na WireGuard. Kwenye kifaa kidogo kama hiki usihangaike na ya kwanza. Laini yangu ni ya megabiti 100. Kwa OpenVPN sikufika hata 20, kwa WireGuard napata 80 na ushei. Kazi yote ya kusimba data (kuigeuza isisomeke na wengine) inabebwa na prosesa ndogo ya ruta, na WireGuard ni nyepesi zaidi kwake, tena tangu 2020 imo ndani ya kiini cha Linux chenyewe.

Siku ya kwanza nilizima VPN makusudi, nikafurahi kuona intaneti inakatika nyumba nzima badala ya data kuvuja kimyakimya. Lakini maulizo ya DNS (yanayotafuta anwani ya kila tovuti kwa jina lake) yalikuwa bado yanakwenda kwa mtoa huduma wangu, maana yake alikuwa anaendelea kusoma majina ya tovuti tunazotembelea. Ilibidi niingize seva ya DNS ya VPN kwa mkono. Likague hili mapema.

Wiki ya pili, asubuhi, akaunti yangu ya kazi ikafungwa. Kijana wa kitengo cha TEHAMA akanipigia: "Dada, simu yako imeingia kwenye barua pepe ukiwa hapa, na dakika kumi baadaye laptopu imeingia kutoka nchi nyingine. Umesafiri?" Nikamwambia ukweli. Hakunikaripia. Alinieleza kwa upole, na maelezo yake yalinifaa kuliko yote niliyokuwa nimesoma. Laptopu ile ina programu ya usimamizi ya kampuni, ina cheti cha kampuni kinachowezesha hata kurasa za HTTPS, yaani zilizosimbwa, kufunguliwa na kukaguliwa, na kivinjari kinapeleka kumbukumbu zake ofisini. Yote hayo yanatendeka ndani ya mashine, kabla data haijafika kwenye ruta. Hata mahali ulipo, laptopu inaweza kupajua kwa kusikiliza Wi-Fi za majirani, bila kuhitaji anwani ya IP (namba ya muunganisho wako kwenye intaneti). VPN ya ruta inamzuia mtoa huduma wa intaneti asione. Mwajiri yumo ndani ya laptopu tayari.

Nikabaki najiuliza nimepata nini. Ofisi yetu ina VPN yake, kwa hiyo kazi za ofisi zilikuwa zimeshasimbwa. Mimi nilikuwa naingiza handaki ndani ya handaki lingine. Na kuna gharama. Data husafiri kwa vipande viitwavyo pakiti. Pakiti ya kawaida ina hadi baiti 1500, WireGuard inachukua 60 au 80 za kubebea, halafu VPN ya ofisi nayo inadai sehemu yake. Zisizoenea zinakatwa vipande au zinapotea. Ndiyo maana mikutano ya video ilikuwa inaganda na majedwali makubwa yanakwama katikati ya kupakiwa. Nilipunguza ukubwa wa pakiti kwenye ruta, majedwali yakapita, ila video haikutulia.

Kilichonifanya nisiirudishe ruta dukani nilikigundua kwa bahati. Nilikuwa natafuta printa kwenye laptopu ya kazi, likafunguka dirisha la vifaa vya mtandao: televisheni, simu zetu kwa majina, na kompyuta ya mwanangu ikiwa na folda iliyoachwa wazi kwa nyumba nzima. Ndani yake mlikuwa na picha za familia na vyeti vyake vya hospitali. Mashine isiyo yangu, inayosimamiwa na watu wengine, ilikuwa inaviona vyote. Moyo ulinilipuka. Siku zote nilikuwa nahangaika kuficha kinachotoka, kumbe nilikuwa nimeikaribisha laptopu ya ofisi hadi chumbani.

Jioni ile niliihamishia kwenye mtandao wa wageni wa ruta hii, yaani Wi-Fi ya pembeni isiyofikia vifaa vingine vya nyumbani, na kuitoa kwenye VPN. Kwanza ilikosa intaneti kabisa, kwa sababu ile kinga ya kukata intaneti VPN inapozimika ilikuwa bado inaizuia. Nikaiwekea ruhusa yake. Tangu hapo mikutano haigandi na akaunti haijafungwa tena. Simu na kompyuta zetu zimebaki ndani ya VPN, na mambo yangu binafsi nayafanyia huko. Kumbuka tu kwamba anayeweza kuona trafiki yenu sasa ni kampuni ya VPN badala ya mtoa huduma, kwa hiyo ichague kwa makini.

Kama ruta ya nyumbani naipa nyota nne kati ya tano. Kama njia ya kumkwepa mwajiri kwenye laptopu yake mwenyewe, usiinunue. Ukiinunua kwa ajili ya mtandao wa wageni, ukimaliza kuupanga fungua ukurasa wa printa yako kutoka kwenye laptopu ya kazi. Ukifunguka, bado hujaitenga.