TAHADHARI: Anayeuza "fonti 300 za Kiayalandi" za Machi 17

Wadau wa dizaini, hasa mnaopokea kazi za wateja wa nje, nawaomba msome hii kabla hamjatuma hela. Kuna mtu anapita kwenye makundi yetu akiuza furushi la "fonti 300 za Kiayalandi, leseni ya biashara imo" (fonti ni faili la mtindo wa herufi za kompyuta) kwa Sh 25,000. Msimu wake ndio huu, maana Sikukuu ya Mtakatifu Patrick ni Machi 17, na kazi za mabango, menyu na fulana huanza kuingia Februari. Mimi nililipa. Jina lake silitaji, ila mtindo wake mtautambua.

Mteja wangu ana baa Cork, Ayalandi. Alitaka bango na menyu, na juu kabisa maneno "Lá Fhéile Pádraig Sona Daoibh", yaani heri ya Sikukuu ya Patrick kwenu nyote. Picha ya tangazo la yule muuzaji ilinivuta: herufi nene za mviringo kama za Kitabu cha Kells, kile cha Injili kilichoandikwa kwa mkono mwaka 800 hivi, kinachotunzwa Trinity College, Dublin. Nikatuma hela, linki ikaja baada ya dakika mbili.

Faili zilikuwa 300 kweli. Nilipozifungua moja moja, fonti zenyewe zikawa 41. Nyingine zote ni zilezile, zimenenepeshwa, zimelazwa au zimepewa jina jipya. Na katika hizo 41, zaidi ya nusu ni zile herufi za Kijerumani cha kale zenye pembe kali, ambazo watu huzichanganya na za Kiayalandi kwa sababu zote zinaonekana za kizamani. Herufi ya Kiayalandi ni ya duara: d shingo yake imeinamia kushoto, g kichwa chake ni bapa. Kitabu cha kwanza cha Kiayalandi kilichochapwa Dublin kwa herufi za aina hiyo ni cha mwaka 1571. Mteja wa kule anajua tofauti kwa kutazama tu.

Kibaya zaidi kilikuwa alama. Kiayalandi kina fada, mkwaju mdogo juu ya irabu: á, é, í, ó, ú. Si pambo. Éire ni jina la nchi. Eire bila alama ni mzigo. Niliandika ile sentensi, é ikatoka kisanduku kitupu, á ikatoka kwa Arial, fonti ya kawaida ya kompyuta, katikati ya herufi za mviringo. Nikatafuta humo ndani nikakuta à ya Kifaransa, nikaibandika, na ile é nikaichora mwenyewe kwa kuifananisha nayo. Jibu la mteja lilikuwa fupi: alama zote zimelala upande usio wake, na naomba unitumie leseni ya fonti, mchapaji anaihitaji.

Hapo kwenye leseni ndipo nilipoona nimeibiwa. Kwenye furushi kuna faili la mistari mitatu linalosema ruksa kutumia kibiashara, bila jina la mwenye fonti. Nikabofya kulia faili la fonti, nikaingia Properties, kisha Details. Sehemu ya hakimiliki imeandikwa jina la mtu mwingine kabisa, na kwamba ni kwa matumizi binafsi tu. Jina la nje alilibadilisha, la ndani hakuligusa. Nyingine ni za leseni huria ya SIL, ambayo inakupa fonti bure na kukuruhusu kuitumia hata kwenye kazi ya kulipwa, lakini inakataza kuiuza fonti peke yake. Kwa hiyo nusu alituuzia kitu cha bure, nusu kitu cha mwenzetu ambaye hakupata hata senti. Nilipomuuliza akasema ngoja anitumie toleo jipya. Kesho yake akaniblok.

Kazi niliirudia usiku mbili kwa Uncial Antiqua, ipo bure Google Fonts na fada zake zimekaa sawasawa. Anayetaka mwandiko wa zamani hasa, ule unaoweka nukta juu ya konsonanti (ḃ, ċ, ḋ) badala ya kuongeza h, atafute fonti za Gaelchló.

Mtu akikuuzia fonti za aina hii, usikubali picha ya tangazo. Mtumie ile sentensi ya Patrick, mwambie aiandike mbele yako kwa video, kwa herufi kubwa na ndogo, kisha akuonyeshe hiyo sehemu ya hakimiliki. Akianza kuzungusha maneno, achana naye.

Mliokwisha kulipa, msipeleke kazi kwa mteja kabla ya kukagua kila faili, maana atakayedaiwa ni mteja wako na wewe. Mimi nina skrinshoti za malipo na mazungumzo yote. Walio Dar tuwasiliane twende kuripoti pamoja, tukiwa wengi hawatatupuuza. Na juzi nimeliona tangazo lake tena, picha ileile ya herufi za Kells, namba ya simu mpya.