Mkanda wa tumbo au ala ngumu ya kiunoni?

Kwa mwenye leseni ya kubeba bastola iliyofichwa, mkanda wa elastiki, unaofungwa tumboni na kushika bastola, una raha yake: hauhitaji suruali yenye mshipi, huvaliwa hata chini ya gauni au nguo za mazoezi, na hukumbatia mwili bila kutuna. Jasho tu ndilo kero.

Ila mimi nachagua ala (kifuko cha bastola) ya plastiki ngumu, kwa sababu ya kifyatulio. Kitambaa laini kinaweza kubonyezwa kutoka nje hadi kikakigusa. Plastiki ngumu hukifunika kabisa. Tena mdomo wa ala hubaki wazi bastola ikishatolewa, lakini mkanda hujifunga, na kuirudisha kwa kupapasa ni hatari: uvue kwanza. Ukiupenda mkanda, tafuta wenye ganda gumu mahali pa kifyatulio.