Tahadhari ya dharura: meseji za simu au wahudumu wa afya ya jamii?
Kwa spidi na gharama meseji inashinda wazi, maelfu wanapata taarifa ndani ya dakika chache, ila mafuriko yakikata umeme muda mrefu minara nayo inazima, na asiye na simu au asiyejua kusoma hapati kitu, na mara nyingi ndo huyohuyo aliye kwenye hatari kubwa, inauma kweli. Mhudumu ni taratibu, anataka posho na mafunzo ya mara kwa mara, lakini anajua nyumba ipi ina mgonjwa wa oksijeni au mzee asiyeweza kutembea, na watu wanamwamini. Mtandao wenu ukiwa imara na namba zinahuishwa, anzeni na meseji. Kama wazee na wenye ulemavu ni wengi, hela iende kwa wahudumu kwanza.