Draivu ya kuhamishia DVD zako kwenye hadidiski: ipi ununue kwanza

Laptopu za siku hizi haziji na sehemu ya kuingiza diski, na kabati la sebuleni bado limejaa DVD za harusi, send-off, ubatizo na filamu ulizonunua kwa pesa yako. Ukitaka vyote hivyo vionekane kwenye runinga kutoka hadidiski moja, kitu cha kulipia ni draivu, yaani kifaa cha kusomea diski. Programu za kuhamishia zipo za bure, kwa hiyo muuzaji akikutajia bei ya programu, mwache.

Nafasi ya kwanza naipa ile isiyo na mvuto: draivu kubwa ya desktopu, ya SATA (aina ya soketi ya ndani ya kompyuta), iliyotumika, pamoja na adapta ya SATA kwenda USB. Mafundi wa Kariakoo, Dar, au Luthuli, Nairobi, wanazing'oa kwenye kompyuta chakavu, na kwa kuwa wanunuzi ni wachache, bei huongeleka. Nyingi husoma DVD kwa kasi ya 16x, yaani takribani MB 22 kwa sekunde, na kwa ninavyoona zinavumilia mikwaruzo kuliko zile nyembamba. DVD za harusi zimechomwa kwenye diski tupu za bei rahisi, zikakaa miaka kwenye joto. Ndizo zitakazokusumbua, si filamu za dukani. Ila angalia adapta. Lazima iwe na waya wake wa umeme unaotoa volti 12. Zile ndogo za hadidiski za laptopu hutoa volti 5 tu, na draivu haitazunguka. Nenda na diski yako mbovu kuliko zote, ijaribu hapohapo dukani.

Ya pili ni draivu nyembamba ya USB, ya LG au ASUS. Hii inamfaa mwenye diski chache na safi, asiyetaka waya mezani. Kasi ni 8x, kwa hiyo USB 2.0 inatosha kabisa. Usiongezewe bei kwa sababu ya USB 3.0. Ichomeke kwenye laptopu moja kwa moja, maana kupitia habu (kigawanyio cha USB) isiyo na umeme wake huwa inakatika katikati.

Draivu ya Blu-ray naiweka ya tatu, na ni kwa mwenye Blu-ray tu. Diski ya kawaida ya Blu-ray hubeba hadi GB 50, wakati DVD ya tabaka mbili inaishia GB 8.5. Kama una diski za 4K, uliza modeli kwanza, kwa sababu si kila draivu ya Blu-ray inazisoma.

Kumpa mtu wa studio akuhamishie ni ya nne. Wengi hubana video hadi sura zinakuwa na ukungu, na harusi yako inabaki kwenye kompyuta yake. Ya mwisho kabisa ni zile draivu zisizo na chapa. Anayekuambia yake "inaleta HD" anakudanganya: DVD ya PAL (mfumo wa video wa huku kwetu) ni nukta 720 kwa 576, draivu iwe yoyote.

Ukishanunua, programu ya MakeMKV inanakili video ya DVD kwenye hadidiski bila kupunguza ubora. HandBrake ndiyo ya kubana; kwa video za harusi washa deinterlace (kichujio cha kuondoa mistari ya picha), la sivyo watu wakicheza muziki utaona mistari kama meno ya kitana. VCD hazihitaji yote hayo: fungua folda ya MPEGAV, nakili faili za .DAT, VLC itazicheza. Hadidiski ya TB 1 inabeba takribani DVD 200 za tabaka moja zisizobanwa.

Na kama unatumia flashi, iformati kwa exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Runinga za zamani huikataa exFAT. Hapo jaribu NTFS.